Soni ya Al Wukair

Nilimfumania Laban amemshika mwanamke kiuno, mchana kweupe, mbele ya ukumbi mzima wa Wakenya waliokuwa wakimpigia makofi.

Nisidanganye, damu ilinichemka. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja zamu ya asubuhi hospitalini, miguu inawaka moto, begi la nguo za sherehe begani, na njia nzima ndani ya teksi nilikuwa nikitabasamu peke yangu kama mwehu kwa sababu nilijua Laban ananisubiri ukumbini Al Wukair. Kumbe hakuwa ananisubiri. Alikuwa na shughuli zake.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya chama chetu cha watu wa Western, magharibi mwa Kenya, tulioko Doha. Tangazo lilikuwa limezunguka kwenye simu zetu mwezi mzima: Ijumaa alasiri, kila mtu aje amevaa kama kijana wa Marekani wa mwaka themanini na nane. Wengi wetu hatukuwa hata tumezaliwa mwaka huo. Lakini tulikulia kwenye makombo yake: kaseti za wajomba zilizokwaruza, jezi za mitumba zenye majina ya timu tusizozijua, na vichekesho vya Kimarekani vilivyofika kwenye televisheni yetu vikiwa vimechelewa miaka. Kwa hiyo watu walijitokeza. Mabega ya makoti yalikuwa mapana kama milango, soksi zimevutwa mpaka magotini, nywele zimesimamishwa kwa jeli hadi unashangaa mtu atalalaje. Jukwaani walikuwa wamesimamisha radio kaseti kubwa ya kadibodi, ndefu kunipita mimi, imepakwa rangi ya fedha.

Mbele ya radio hiyo ndipo alipokuwa Laban wangu. Jezi nyekundu ya mpira wa kikapu, kofia imegeuzwa nyuma mbele, cheni ya plastiki ya dhahabu shingoni. Na mkononi mwake alikuwepo huyo mwanamke: wigi la mikunjo, koti jeupe la mabega, miwani nyeusi iliyofunika nusu ya uso. Alikuwa akicheza, jamani. Mabega yalikwenda upande huu, kiuno upande ule, miguu inateleza sakafuni kama imepakwa mafuta. Laban akamzungusha, akamdaka, akamwinamisha mpaka wigi likagusa sakafu. Ukumbi ukalipuka.

"Na washindi wetu wa leo!" alipaza sauti Trevor, mshereheshaji wetu, kijana wa Kakamega asiyehitaji kipaza sauti lakini hakiachi. "Kwa dansi, kwa kutumbukiza mpira kwenye kikapu, na kwa kutaja vipindi vyote vya televisheni vya miaka hiyo bila kukosa hata kimoja, ni Laban na Edi wa Kisumu!"

Nilipanda jukwaani na begi langu.

"Samahani, dada," nilimwambia yule mwanamke, kwa sauti ya mtu asiyeomba samahani yoyote. "Huyo uliyemng'ang'ania ana mwenyewe."

Mwanamke akageuka. Akahema kidogo, maana dansi ilikuwa imemtoa jasho, kisha akaishusha miwani taratibu hadi puani.

"Rosi," alisema. "Leo umeniita dada?"

Alikuwa mama yangu.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kucheka hapo na kupita zake. Mvulana amecheza na mama wa mpenzi wake, basi, kuna nini? Kuna kila kitu. Kwetu Vihiga, na kwa kina Laban kule Bungoma pia, mama hakutani na mwanamume anayemwoa binti yake. Hampi mkono. Hali naye meza moja. Hamtazami usoni. Hiyo ndiyo soni, na soni si chuki, ni heshima iliyozidi mpaka ikafanana na hofu. Siku moja Maurice, mume wa dada yangu Emily, alitokea nyumbani bila taarifa, akamkuta mama anachuma kunde. Mama alitupa kikapu, akachupa ndani ya mahindi, akakaa humo na mbu mpaka Maurice alipomaliza chai na kuondoka. Alitoka na majani kichwani, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Mkwe wangu ameshiba?"

Huyo ndiye mama aliyekuwa ameinamishwa na Laban mpaka sakafuni.

"Rosi," Laban alininong'oneza. Mkono wake ulikuwa bado kiunoni mwa mama, umesahaulika pale. "Huyu ni nani yako?"

"Ni mama yangu, Laban."

Aliutoa mkono kama aliyeshika pasi ya moto. Kombe la washindi lililokuwa mkono wake wa pili likaanguka, likabingirika mpaka chini ya meza ya wazee. Na kwa kuwa nusu ya ukumbi ilikuwa watu wa kwetu, kicheko kilikatika papo hapo. Nilimwona mama mmoja wa makamo akijiziba mdomo kwa viganja viwili.

Kosa lilikuwa langu na la kila mtu. Mama alikuwa amefika Doha juzi tu, kwa viza ya kutembelea familia, na alikuwa amefikia kwa baba mdogo Job, ndugu wa marehemu baba. Mimi nilijua anapumzika. Laban alijua atamwona Ijumaa ijayo, yaani hatamwona, kwa sababu wazee wake wangekuja kwa baba mdogo kuniposa na mama angekaa jikoni mlango umefungwa, kila kitu kwa utaratibu. Hakuna aliyefikiri kwamba baba mdogo, mwenyekiti wa chama, angemchukua mama waje pamoja kwenye sherehe. Wala kwamba mama angejiandikisha kwenye mashindano kwa jina lake la usichana. Wala kwamba Trevor, akichomoa vikaratasi kofiani kupanga wachezaji wawili wawili, angelitoa jina hilo pamoja na la Laban.

Baba mdogo Job, aliyekuwa mlangoni akipokea wageni muda wote wa mashindano, alikuja hadi jukwaani. Alikuwa amevaa suruali ya jinzi iliyochakazwa makusudi na kitambaa chekundu kichwani, lakini uso ulikuwa uleule wa ofisini.

"Nyuma ya jukwaa," alisema. "Wote watatu. Trevor, weka muziki."

*

Nyuma ya jukwaa palikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa juu kwa juu, mpira wa kikapu, na mgongo wa ile radio ya kadibodi uliokuwa haujapakwa rangi. Mama alikaa kwenye kiti, akavaa tena miwani yake. Laban alisimama mbali naye kadiri chumba kilivyomruhusu, anatazama viatu vyake.

"Khalas," baba mdogo alianza. "Mambo yameisha. Hakuna wazee kuja Ijumaa ijayo, hakuna posa. Kijana amemshika mama wa mtu kiuno mbele ya ukoo mzima."

"Baba, hakujua," nilisema.

"Mwiko hauulizi kama ulijua. Ukikanyaga moto kwa bahati mbaya, hauungui?"

"Tangu lini wewe ni mtu wa miiko? Ulipooa kwa harusi ya kizungu hapa Doha, mama mkwe wako hukumkumbatia kwenye picha?"

Alikohoa. "Hayo ni mengine."

"Ni yaleyale. Sema ukweli, baba. Hukumtaka Laban tangu mwanzo. Unamtaka Henry wa ofisini kwako, mwenye tai na gari."

"Henry ana mpango wa maisha! Huyu anaendesha basi la hoteli!"

"Na anaendesha vizuri. Hajawahi kuniacha kituoni."

"Rosi." Laban ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini. "Wacha tu."

Niligeuka. Nilidhani sikusikia vizuri. "Niwache nini?"

"Baba anasema kweli." Alivua ile kofia, akaikunja mkononi. Macho yake, yale macho yaliyonifanya nipande basi la hoteli ambalo halikuwa langu siku ya kwanza tulipokutana, yalikuwa mekundu. "Nimelelewa na miiko hii. Mama yangu akisikia nilivyofanya hatakula siku nzima. Atasema nyumba yetu itaanza na laana. Mtoto akiugua, ni ile dansi. Nikikosa kazi, ni ile dansi. Sitaki uishi hivyo, Rosi. Nakupenda kuliko hivyo."

"Unanipenda kuliko hivyo, kwa hiyo unaniacha?"

"Nakuepusha."

"Sikukuomba kuniepusha!" Sauti yangu ilipita pazia, nadhani, maana maongezi ya ukumbini yalikatika. Sikujali. "Nisikilize wewe mtu wa Bungoma. Mimi nimekaa na maiti, nimekaa na watu wanaokata roho wakiita majina ya watoto wao walio mbali. Siogopi laana ya dansi. Nikiwa na mtoto akaugua, nitampima joto na kumpa dawa, hiyo ndiyo kazi yangu. Nyumba yangu itaanza na mume. Kama mume anaogopa kiuno cha mama kuliko anavyoogopa kunipoteza, aseme sasa hivi nijue."

"Rosi, usiseme hivyo, bana."

"Sema wewe basi!"

Alinitazama tu, na katika kunitazama huko niliona anavyonitaka na anavyoogopa, vyote viwili vimekabana shingo, na hakuna kilichoshinda. Nilitamani kumpiga. Nilitamani kumshika uso nikaupangusa. Mapenzi yana ujinga wake.

Hapo mama akafungua mdomo.

"Amenifundisha ile ya kuteleza kinyumenyume," alisema, kama anayejisemea. "Niliitafuta ile mwaka mzima."

Tukamgeukia.

"Mwaka themanini na nane nilikuwa Kisumu nasomea ukarani," mama aliendelea. "Mwenye nyumba wetu alikuwa na televisheni. Kila wiki kilipofika kile kipindi cha vijana wa Marekani, wasichana tulijazana sebuleni kwake mpaka madirishani. Tukitoka pale tunafanya mazoezi mbele ya kioo, tumejifunga mashuka kiunoni. Baba yako, Rosi, alinikuta nacheza hivyo kwenye sherehe ya chuo. Alisimama ukutani jioni nzima, hakunywa hata soda. Kesho yake akaja kuniuliza jina."

"Shemeji," baba mdogo alisema, "sasa hayo yanahusu nini?"

"Yananihusu mimi." Alivua miwani. Sikuwahi kumwona mama akimtazama baba mdogo hivyo. "Nilipoolewa kwenu, mama yenu alinikalisha chini, akaniambia mke wa mtu hachezi. Nikatii. Nikaacha dansi, nikaacha jina la Edi, nikawa Mama Emily. Mume wangu hakuniona nikicheza tena mpaka anakufa. Nimetii miiko yenu yote, Job. Nimekaa ndani ya mahindi kwa ajili ya heshima. Leo nimecheza. Sikumjua kijana, maana mimi niliambiwa jina la baba yake tu, na yeye hakunijua. Na nimefurahi. Mungu anisamehe kama ni dhambi, lakini wewe usinisamehe, sijakuomba."

Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka.

Lakini baba mdogo hakuwa mwenyekiti bure. Alijikuna kidevu, akavuta kiti, akaketi mbele ya mama kwa upole wa ghafla ambao haukunipendeza.

"Vizuri, shemeji. Nimekusikia. Hakuna anayetaka uishi na laana. Basi njia ipo, tena nyepesi. Mwiko ni wa mkwe. Huyu kijana hajaleta hata kuku kwetu. Si mkwe wako. Ni mtu tu, mlicheza naye kama unavyoweza kucheza na yeyote. Sivyo?"

"Sivyo wapi," nilisema, lakini aliinua kiganja kuninyamazisha.

"Mpe mkono, shemeji. Mkono tu, wa kwaheri, kama unavyompa mgeni yeyote. Ukimpa mkono, umesema si mkwe. Dansi inakuwa dansi, hakuna laana, hakuna wa kukusema. Yeye anarudi kwenye basi lake, wewe unarudi Vihiga na heshima yako. Yalla, tumalize."

Alikuwa amelifunga vizuri, mzee yule. Mkono mmoja tu, na mama alikuwa safi. Mkono mmoja, na mimi na Laban tulikuwa tumekwisha, maana hakuna mtu wa kwetu ambaye angekuja kuposa kwa mwanamke aliyekwisha kumpa mkono wa mgeni mbele ya shemeji yake. Pazia lilikuwa limefunguka pembeni. Trevor alikuwa amechungulia, na nyuma yake nyuso nyingine, na kipaza sauti kimeshushwa kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama, usimpe," nilisema.

"Rosi, wacha mama yako aamue," alisema baba mdogo.

Laban alimtazama mama kwa mara ya kwanza tangu tulipoingia. Alikuwa mtu mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyonipendeza kwake na ndiyo iliyokuwa inaniua sasa hivi. Hakutaka mama yangu aondoke Doha na aibu kwa ajili yake. Alipiga hatua, akainama kidogo, akanyoosha mkono wa kulia na kuushikilia kwa wa kushoto kama tulivyofundishwa.

"Mama," alisema. "Nisamehe. Ulicheza vizuri sana. Kwaheri, mama."

Mkono ule ulikaa hewani. Niliujua mkono ule. Ulikuwa umenibebea mboga kutoka sokoni Al Mansoura, ulikuwa umenishikia mwavuli kwenye jua la Agosti watu wakitucheka. Mama akauangalia. Akautazama kwa muda, vidole hadi kiwiko, kama anayekagua kitambaa dukani.

Kisha akatupa miwani.

Alivuta kitambaa cha meza kilichokuwa juu ya viti, akajifunika kichwa hadi machoni, akaruka. Ndiyo, mama yangu, mwenye umri wake na koti la mabega, aliruka juu ya mpira wa kikapu na kujitupa nyuma ya ile radio ya kadibodi. Radio ikayumba. Tulisikia akijigonga, akiguna.

Baba mdogo aliruka kutoka kitini.

Kwa nukta moja sikuelewa. Nilidhani amekimbia aibu, amekimbia sisi sote. Halafu yule mama wa makamo nyuma ya Trevor akapiga kigelegele, kikali, kirefu, kilichopasua ukumbi mzima, na nikaona kile alichokiona yeye. Mama hajifichi mbele ya mgeni. Mama hajifichi mbele ya dereva wa basi, wala mtu tu. Mwanamke wa kwetu anajificha mbele ya mwanamume mmoja peke yake: mkwe wake.

"Rosi!" sauti ya mama ilitoka nyuma ya kadibodi, imejaa kitambaa.

"Bee, mama."

"Huyo kijana bado yuko hapo?"

"Yuko."

"Mwambie Ijumaa ijayo wazee wake wasichelewe. Mimi nitakuwa jikoni, mlango umefungwa. Na mwambie lile jambo la leo, walete mbuzi wa kulimaliza, mambo yaishe kama yanavyoisha kwa watu wote. Kama Doha hakuna mbuzi wa heshima, baba yako Job atatafuta. Yeye ndiye mwenyekiti."

"Shemeji!" baba mdogo alisema.

"Job, usiniite. Nimejificha asinione mkwe wangu."

Vigelegele vilikuwa vingi sasa. Baba mdogo alivua kile kitambaa chekundu kichwani, akajifuta nacho jasho, akakaa. Hakukubali, nawaambia ukweli, hata kesho yake alikuwa bado hajakubali. Lakini mbele ya watu wa kwetu hakuna mtu aliyewahi kumtoa mama mkwe mafichoni.

"Rosi," mama aliita tena, polepole zaidi.

"Bee."

"Muulize kama ameshiba."

Nilimgeukia Laban. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka hewani, masikini, haujui uende wapi. Machozi yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye ile cheni yake ya plastiki.

"Laban," nilisema, na kila neno nilitaka lifike ukumbini, lifike kwa Henry, lifike Bungoma. "Mama mkwe wako anauliza kama umeshiba."

Aliushusha mkono. Akavaa kofia yake, safari hii mbele ikiwa mbele. Alinitazama mara moja, mtazamo ambao nitazeeka nao, na hofu yote ilikuwa imetoka machoni mwake.

"Mwambie nimeshiba," alisema. "Mwambie asante."

Kisha, kwa heshima zote za kwao na za kwetu, akaugeukia ukuta, akaipa ile radio ya kadibodi mgongo, na mimi niliyesimama kando yake akanipa mgongo vilevile, akatoka taratibu bila kugeuka nyuma. Na hakuna mwanamume aliyewahi kunipa mgongo nikafurahi kiasi kile.